Suruali nyepesi isiyopitisha maji kwa kuvua mshipi na kutembea porini: huku Mtwara mnavaa ipi?

Mgeni_wa_Mikindani

Wakuu habari za jioni. Uzi huu ni wa suruali, wale wa siasa pumzikeni kidogo.

Nimehamia Mtwara kikazi nikitokea Iringa. Wikiendi nyingine natoka na jamaa kuvua mshipi: tunaondokea Shangani, tunavua vua pale mkondo wa kuingilia bandarini upande wa Msanga Mkuu, bahari ikiwa tulivu tunachungulia nje kidogo. Wikiendi ambazo hatuvui natembea, ama vilima vya nyuma ya Mikindani, ama napanda Newala kwa rafiki yangu tunazunguka mikorosho yake asubuhi na umande. Huko kote narudi nimelowa kuanzia kiunoni kushuka chini. Koti la mvua zuri ninalo. Shida ni suruali.

Ninachotaka ni suruali nyepesi, ikunjike iingie kwenye begi dogo, isipitishe maji na isinichemshe. Nimekutana na za aina tatu. Kuna zile seti za mpira za bodaboda, zimejaa madukani. Kuna mitumba, nailoni nyembamba zenye majina ya Ulaya. Halafu kuna mfanyakazi mwenzangu anarudi kutoka Uingereza, anasema ataniletea yenye utando wa kisasa, imeandikwa 20,000, ila bei yake unanunua mitumba sita na chenji inabaki. Nichukue ipi?

Kaptura_Tu

Mvuvi anaogopa maji? Vaa kaptura mkuu, ngozi haivuji.

Mgeni_wa_Mikindani

Hahaha, kaptura nilianza nayo na mchana sina ugomvi nayo. Njoo tukae wote alfajiri ya Julai, kusi limeshika, nanga imeshuka, hakuna anayesogea, na kila wimbi likipiga omo, mbele ya chombo, maji yanatua mapajani. Tuone kama utaongea hivyo.

Nahodha_Mstaafu

Mwanangu, hapo umeuliza maswali mawili kwa pamoja, ndiyo maana dukani unachanganyikiwa. Kukaa chomboni na kutembea porini ni mambo mawili tofauti kabisa.

Chomboni umekaa. Mwili haufanyi kazi kubwa, jasho ni dogo, upepo unakupoza. Adui zako ni rasha za mawimbi na ubao uliolowa unaoukalia. Suruali isiyopitisha kitu chochote, hata hewa, hapo inakufaa. Wenzetu wa bahari za baridi wamevaa hivyo miaka mingi. Huyo Helly Hansen mwenyewe, nahodha wa Norwei aliyeanza kutengeneza nguo hizi mwaka 1877, alikuwa anachukua kitambaa kizito anakilowesha mafuta ya mbegu za kitani. Habari za nguo kupumua, yaani kutoa nje mvuke wa jasho, zimekuja juzi juzi tu, miaka ya 1970, na akina Gore-Tex.

Kutembea ni kesi nyingine. Mvua zetu za kusini ni msimu mmoja mrefu, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na ndiyo miezi ya joto hiyo hiyo. Inanyesha saa moja, jua linatoka, ardhi inafuka. Panda kilima ukiwa ndani ya suruali ya nailoni iliyozibwa, utafika juu umelowa chapachapa na hakuna tone la mvua lililoingia. Jasho lako mwenyewe.

Sasa hiyo ya Uingereza. Ni nzuri, sibishi. Ule utando tone la maji haliupenyi lakini mvuke wa jasho unapita. Ila mvuke haupiti kwa hiari yake, unasukumwa na tofauti ya joto na unyevu kati ya ndani ya suruali na nje. Kwenye milima ya Uskoti nje ni nyuzi 5, ndani kuna joto, kwa hiyo mvuke unakimbilia nje. Hapa mwezi wa pili nje ni nyuzi 30 na hewa imeshiba maji, huo mvuke utakimbilia wapi? Utalipia sifa ambayo hali ya hewa ya Mtwara haitakuruhusu kuitumia.

Ushauri wangu: kwa chomboni, nailoni nyembamba iliyozibwa vizuri, yenye zipu ndefu pembeni mpaka gotini au zaidi, unaivalia juu ya kaptura. Upepo ukianza unaivaa bila kuvua viatu, jua likipanda unaivua. Kwa kutembea, suruali ya kawaida ya poliesta au nailoni nyepesi isiyozibwa. Acha ilowe, itakauka mwilini ukiendelea kutembea. Jinzi usiiguse. Jinzi ikilowa asubuhi, jioni bado unaibeba.

Chanda_Chema

Mzee shikamoo. Kwenye kupumua nakuunga mkono asilimia zote. Ila hiyo 20,000 tusiifanye mbwembwe, maana ina kazi yake na mleta uzi anastahili kuielewa.

Namba hiyo ni milimita. Maabara wanabana kipande cha kitambaa, wanakibebesha safu ya maji na kuipandisha taratibu mpaka matone yaanze kupenya upande wa pili. Urefu wa safu ndiyo alama ya kitambaa. 20,000 maana yake ni safu ya mita 20. Mvua peke yake haisukumi hivyo hata siku moja. Anayesukuma hivyo ni wewe. Ukikalia ubao wenye maji, uzito wako wote unayakandamiza yaingie kwenye kitambaa, na ukipiga goti ndiyo balaa zaidi kwa sababu uzito umekusanyika mahali padogo. Ndiyo sababu suruali ya 1,500 au 2,000 inakulinda ukiwa umesimama kwenye mvua, lakini kaa nayo chomboni nusu saa uone makalio.

Kwa mvuvi wa kukaa, 10,000 inatosha kabisa. Hizo nyingine ni za wapanda milima ya theluji.

Na mara nyingi pembeni ya namba hiyo kuna nyingine, labda 5,000 au 10,000 tena, imeandikwa g/m². Hiyo ndiyo ya kupumua: gramu za mvuke zinazopita kwenye mita moja ya mraba kwa saa 24. Imepimwa maabara, mzee ameshaeleza kwa nini huku kwetu haifiki huko.

Nahodha_Mstaafu

Marahaba. Umenena vyema. Lakini kabla mtu hajalipia mita 20 za maji, akalie ndoo yenye mfuniko badala ya ubao. Chambo ndani, makalio juu, pakavu.

Mgeni_wa_Mikindani

Nimecheka ila naichukua hiyo. Na zile seti za bodaboda je? Hamjazisema.

Chanda_Chema

Zile ni plastiki tupu, PVC. Maji hayapiti, hilo mpe haki yake, na bei ni ya mwananchi. Ubaya ni uzito, haikunjiki ikawa ndogo, na jua la huku likiipiga inakakamaa hadi inapasuka kwenye mikunjo, kawaida gotini na nyuma ya goti. Kwa bodaboda anayekaa kwenye upepo muda wote, sawa. Kwa mtu wa kupanda na kushuka chomboni anayetaka kunyanyua mguu mpaka kwenye ukingo, utaipasua msamba mapema.

Fundi_wa_Ligula

Ngoja niingie mimi mwenye cherehani, kwa sababu naona wote mnaelekea kumpeleka kijana kwenye mitumba na hakuna aliyemwambia aangalie nini.

Ukiipata, kabla hujauliza bei igeuze nje ndani. Angalia mishono. Kila sindano ilipopita ni tundu, kwa hiyo suruali ya kweli ya mvua ina utepe mwembamba uliobandikwa kwa joto juu ya mshono wote. Ufuate huo utepe kwa kidole, kuanzia kiunoni ushuke mguuni. Pakuangalia sana ni msambani, pale mishono minne inapokutana chini ya zipu. Pale ndipo utepe huanza kuachia, na pale ndipo maji ya ubao yanapoingilia. Jaribu kuukwangua kwa ukucha. Ukinyanyuka, irudishe kwenye rundo.

Suruali yenye kitambaa kizuri lakini mishono haina utepe ni ya kuzuia upepo na manyunyu. Wauzaji wote wataiita ya mvua.

Kisha ingiza kiganja ndani upapase taratibu mpaka chini. Mpako wa ndani ukiwa mzima unateleza. Ukiwa unanata kwenye ngozi, unanuka vibaya, au ukitoa mkono una vipande vyembamba vyeupe kama vya ngozi iliyobabuka, hiyo imekufa. Mpako mwingi wa suruali hizi ni poliyurethani, na poliyurethani inamegwa na joto na unyevu. Ikikaa robota miezi, halafu kontena, halafu banda la bati, nje utaiona mpya na ndani imeshakwisha. Mimi hapa siwezi kuirudisha na fundi yeyote asikudanganye.

Mwisho, omba maji ya kunywa. Kunja sehemu ya makalio iwe na kishimo, mimina maji kidogo, yaminye kwa vidole kutoka juu huku umeshika chini kwa kiganja kikavu. Subiri. Kiganja kikilowa umeelewa. Hata kupuliza kwa mdomo kunasaidia: pumzi ikipita kirahisi, maji nayo yatapita. Muuzaji akikukatalia jaribio hilo, na yeye anajua.

Saizi chukua kubwa kidogo kuliko unayovaa. Chuchumaa nayo palepale sokoni, nyanyua goti lifike kifuani. Ikivuta, utaichana.

Na msiniletee kushonea kiraka gotini. Nikishona naongeza matundu. Kiraka cha suruali hizi ni cha kubandika. Kupunguza urefu chini kwenye kifundo, hapo leteni, hakuna madhara.

Binti_Msimbati

Kaka mgeni, naona hujasema kama unaingia majini kwa miguu au unaishia chomboni. Kama unaingia, hela yako iweke tu.

Huku Msimbati bamvua likitoa maji, wanawake tunatembea juu ya mwamba kutafuta pweza mpaka maji yaanze kurudi. Hakuna hata mmoja mwenye suruali ya mvua. Ni taiti, juu gauni au kanga umeifunga, miguuni raba kuukuu. Taiti inakauka kabla hujafika nyumbani. Suruali ya kuzuia maji ukiingia nayo majini, maji yanapita kiunoni au kwenye kifundo, yakishaingia hayana pa kutokea, unaanza kutembea na ndoo mbili miguuni. Na kwenye mkondo hilo si jambo la kucheka, mtu anashindwa kujinyanyua.

Kuna wageni nimewaona na zile suruali ndefu za mpira zinazofika kifuani, zimeungana na mabuti. Kwenye mto wenye maji ya baridi huko kwao, sawa. Huku maji ni vuguvugu, unajikinga na nini? Vaa raba kwa ajili ya miba na mawe makali, na ukipita kwenye mchanga buruza miguu, usinyanyue, ili yule samaki taa akusikie aondoke. Mwiba wa taa hauulizi suruali ya elfu ngapi.

Ruvuma ndiyo usiingie kabisa, si kwa taiti si kwa nini. Mamba wapo na viboko wapo.

Na ukija kuvua huku, kumbuka eneo lote hili ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, tangu mwaka 2000. Pitia kwanza kwa watu wa hifadhi ufuate utaratibu.

Kaptura_Tu

Nilisema mimi mwanzo kabisa, mkanicheka.

Binti_Msimbati

Wewe hukusema kuhusu taa wala raba. Ulisema ngozi haivuji.

Mgeni_wa_Mikindani

Dada asante sana. Kuingia naingia kidogo tu wakati wa kusukuma chombo, maji yanaishia chini ya goti. Basi nitakuwa nakisukuma nikiwa na kaptura, suruali naivaa nikishapanda.

Mpita_Liwale

Nachangia upande wa kutembea, maana wengi humu ni watu wa pwani.

Rangi. Ukija huku Liwale au ukazunguka mapori ya miombo, usivae bluu iliyokolea wala nyeusi. Mbung'o anapenda rangi hizo, ndiyo maana hata mitego yake inatengenezwa kwa vitambaa vya bluu na nyeusi. Bahati mbaya nusu ya suruali za mvua duniani ni nyeusi au bluu. Tafuta kahawia, kijivu chepesi au rangi ya mchanga. Na iwe pana, kwa sababu kitambaa chembamba kikibana mwili mbung'o anakuuma juu yake bila wasiwasi.

Suruali ya nailoni ambayo nzima ina uzito wa gramu mia mbili na kitu haina ubavu wa kushindana na miiba. Tafuta ile iliyofumwa vimraba vidogo vidogo unavyoviona ukiiangalia kwa karibu. Hiyo ikitoboka inaishia kwenye kimraba, haichaniki mpaka chini. Hata hivyo mimi porini naibeba kwenye begi, naivaa mvua ikiwa kubwa au napokatiza majani marefu yenye umande. Majani yakiisha naivua. Suruali ya mvua ya kushindia sijawahi kuiona.

Mgeni_wa_Mikindani

Kuhusu rangi, sokoni kuna moja nimeitamani, imara kweli, ina mabaka ya kijani na kahawia. Zipu pembeni mpaka juu, utepe wote upo.

Mpita_Liwale

Iache hapo hapo ilipo. Mabaka yanayofanana na ya jeshi raia haruhusiwi kuvaa nchi hii, hata kama huko ilikotoka ni nguo ya wawindaji wa bata. Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba watu wasalimishe sare na nguo zinazofanana nazo. Utamweleza nani kwamba wewe ni mvuvi wa mshipi?

Fundi_wa_Ligula

Hilo kweli kabisa. Mimi wakiniletea za hivyo nawarudishia, hata kuzipunguza sizipunguzi.

Mama_Korosho

Mmesahau matunzo, na suruali za pwani zinauliwa na matunzo kuliko mvua.

Ukitoka baharini isuuze siku hiyo hiyo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, nje na ndani, na zipu uzifungue na kuzifunga zikiwa ndani ya maji. Chumvi ikikauka kwenye kitambaa inavuta unyevu, suruali haikauki vizuri tena, na zipu ya chuma inaota ukijani hadi inagoma. Chagua zipu za plastiki zenye meno makubwa. Zikianza kukwama pitisha mshumaa.

Sabuni kidogo, na ioshwe ikatakate. Dawa ya kulainisha nguo usitie. Kuna dawa juu ya kitambaa inayofanya maji yajikusanye matone na kuteleza; sabuni ikibaki, au ile ya kulainisha, inaiua hiyo dawa. Utaona maji yanatanda badala ya kuteleza. Hapo bado haivuji, ila inakuwa nzito na ya baridi mwilini. Mara nyingi ikioshwa vizuri ikakauka, ukipitisha pasi ya moto mdogo sana juu ya kitambaa cha pamba ulichotandaza, matone yanarudi. Soma lebo kwanza kama inaruhusu pasi.

Anika kivulini, geuza upande wa ndani nao ukauke. Jua la saa saba linakula nailoni. Na usiikunje ikiwa na unyevu ukaifungia kwenye mfuko wa plastiki mpaka wikiendi nyingine, fundi ameshakueleza unyevu na joto vinafanya nini.

La mwisho. Umesema unazunguka mikorosho Newala. Kati ya Juni na Septemba watu wanapuliza salfa. Usiazime suruali ya kupulizia dawa ukaenda nayo kuvua, wala ya kwako usiipeleke kwenye kupuliza. Unga wa salfa ukikutana na jasho unawasha, na wewe unashika chambo na samaki wa kula.

Mgeni_wa_Mikindani

Mama asante, hiyo ya salfa sikuiwaza kabisa.

Mrejesho wakuu. Nimeenda sokoni leo na chupa ya maji mfukoni. Nimegeuza suruali nyingi hadi muuzaji akaniuliza kama natafuta pesa iliyosahaulika ndani. Mbili zilikuwa nzuri kwa nje, mkono ukatoka na vile vipande vyeupe vya fundi. Ya tatu ni ya kijivu, vimraba vipo, zipu za plastiki zinafika juu ya goti, kiunoni lastiki na kamba, utepe haunyanyuki hata msambani. Nikamimina maji, nikaminya, kiganja kikavu. Muuzaji mwenyewe akasogea kuangalia, halafu akapandisha bei. Tumeishia elfu kumi na nane.

Ya kutembelea nimechukua poliesta ya kawaida rangi ya mchanga. Na yule mwenzangu wa Uingereza nimemwambia abadilishe, aniletee mshipi na ndoana nzuri kwa hela hiyo hiyo.

Swali dogo la mwisho: nikivaa gambuti kwenye majani ya Newala, suruali inaingia ndani ya buti au inakaa nje?

Nahodha_Mstaafu

Nje. Ukiichomeka ndani, maji yote yanayoteremka kwenye suruali yanaishia kwenye soksi. Kaza kifundo kwa lastiki isipande juu.

Hayo ni ya Newala. Chomboni gambuti usivae, vaa yeboyebo au raba unayoweza kuitupa kwa teke moja, na jaketi la uokozi juu ya koti, si chini yake.